Safu ya Makapera

Bwana Haskett wa idara ya barabara alifika nyumbani kwa akina Kuramoto siku ya Alhamisi akiwa na boksi la donati, na kabla hajakaa alikwisha anza kupiga kelele. Alidhani Bi Hisayo ni kiziwi, au ni mgeni nchini, maana kwa watu wa aina yake magonjwa hayo mawili dawa yake ni moja.

"TUNASHUKURU SANA, MAMA!" alisema, huku akiyakata maneno vipande vipande kama anayemlisha mtoto uji. "KAZI. NZURI. SANA."

"Karibu uketi," Bi Hisayo alimjibu. "Na usijichoshe bure, baba. Nasikia."

"Eh! Kiingereza chako safi kabisa! Ulijifunzia wapi?"

"Hapa hapa Dorrance. Nimezaliwa nyumba ya tatu kutoka hii, miaka sabini na nne iliyopita. Na wewe chako ulikipata wapi? Maana nacho si kibaya."

Joyce, mkwe wake, aliyekuwa akikata matango jikoni, aliuma mdomo asicheke. Haskett alicheka kwa niaba yake, akafungua mkoba, akatoa fomu ambayo Bi Hisayo aliitambua mara moja kwa sababu mwandiko ulikuwa wake.

Fomu hiyo kaunti ilikuwa imeileta hekaluni kwetu, hekalu la Kibudha la sisi wenye asili ya Japani, mwezi Machi. Waliomba waorodheshewe majina ya watu waliozikwa kwenye safu ya mwisho ya makaburi yetu, ile iliyo kando ya uzio, wakasema ni kwa ajili ya kumbukumbu. Mawe ya safu ile yameandikwa Kijapani, na Dorrance nzima waliobaki wanaoweza kuyasoma walikuwa wawili: kasisi wetu, ambaye alikuwa kitandani amevunjika nyonga, na Bi Hisayo. Basi bibi wa watu alikwenda kule wiki mbili mfululizo na ndoo, brashi na mto wa kupigia magoti, akasugua kuvu, akafuata michoro ya patasi kwa kidole, akaandika. Makaburi yalikuwa thelathini na moja. Majina thelathini aliyapata. La thelathini na moja lilikuwa jiwe la mtoni lililoliwa na mvua, akaandika "hajulikani". Na kwenye kisanduku cha mwisho cha kila mstari, palipoulizwa "uhusiano wako na marehemu", aliandika "hakuna" mara thelathini na moja, kwa herufi nzuri zilizosimama wima.

"Hiki kisanduku ndicho kilichotuokoa," Haskett alisema, sasa kwa sauti ya kawaida. "Barabara ya maghala lazima ipanuliwe, unaona. Kungekuwa na ndugu, tungelazimika kumtafuta mmoja mmoja atie sahihi ya kukubali. Miaka ingepita. Lakini hawana mtu. Jumanne baraza linapitisha, tunawafukua kwa heshima zote, tunawaweka pamoja kaburi moja, na jiwe la kung'aa. Litaandikwa 'Wafanyakazi wa Kijapani'. Umetusaidia mno, mama."

Bi Hisayo alilitazama boksi la donati. "Watu thelathini na moja, jiwe moja?"

"Jiwe zuri."

"Na majina niliyowaandikia?"

"Yatakuwa kwenye faili," Haskett alisema, akasimama na kufunga vifungo vya koti. Mlangoni alikumbuka kitu. "Mwanao Dennis hajakwambia? Nilidhani atakuwa amekwambia."

*

Watu wa safu ile tunawaita makapera. Walikuja ujana wao kukata zabibu, wakapanga kurudi kwao mwaka unaofuata, na mwaka unaofuata ukawa miaka arobaini. Hawakuoa kwa sababu sheria za wakati ule hazikuwaachia wa kumwoa. Tuliporudi kutoka kambi ambako serikali ilitufungia wakati wa vita kwa asili yetu ya Kijapani, wazazi wetu waliona haifai watu wale kulala bila wa kuwafagilia. Wakaandika majina kwenye vikaratasi, wakaviweka kwenye chungu cha wali, na kila nyumba ikachomoa marehemu wake. Tangu hapo kila Agosti, siku ya kukaribisha roho, ukishamaliza kaburi la babu yako unahamia kwa kapera wako: unafagia, unaosha jiwe, unamwagia maji, unamwekea chakula. Nyumba ikihama mjini, inamkabidhi wake kwa jirani kama inavyokabidhi funguo.

Marehemu wa akina Kuramoto hakuchomolewa chunguni. Bi Hisayo alimwomba. Eikichi Murozono alikuwa akilala kwenye banda nyuma ya nyumba ya wazazi wake, na ndiye aliyemfundisha kusoma, jioni baada ya kazi, kwa kijiti kwenye vumbi la shamba la zabibu. Baba mzazi wa Bi Hisayo alikuwa anaweka dole gumba kwenye karatasi. Murozono alikufa mwaka wa hamsini na moja, na kwa miaka arobaini na mitano hajawahi kukosa kahawa yake nyeusi bila sukari na vibonge viwili vya wali.

Sasa mtu mwenye akili zake atauliza: kama ndivyo, kwa nini aliandika "hakuna"? Atauliza hivyo asiyetujua. Sisi fomu ya serikali tunaijibu kwa ukweli uliochujwa mara saba. Tena kudai mtu ambaye si wa damu yako, mbele ya wageni, ni kujitanguliza, na kwetu kujitanguliza ni aibu kubwa kuliko njaa. Mimi mwenyewe ningeandika "hakuna". Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

*

Dennis alirudi saa kumi na moja, akavua buti mlangoni, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Alikuwa msimamizi wa kikosi cha barabara cha kaunti, miaka arobaini na tisa, mtu mkimya mwenye mgongo mbovu, na kila mtu alijua kwamba mwezi wa Julai atafanywa mkuu wa karakana.

"Vile vigingi vya utepe wa waridi kwenye uzio wa makaburi," mama yake alianza kabla hajakaa vizuri. "Ni vya nani?"

"Vya kaunti."

"Sikuulizi mali ya nani. Nakuuliza nani amevipiga."

Dennis alifungua boksi la donati, akalifunga tena. "Mimi."

Joyce aliweka sahani mezani taratibu, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala.

"Ulivipiga, ukarudi hapa, ukala wali wangu, ukanyamaza."

"Ningesema nini, Mama? Nimepewa ramani, nimepima. Nisingepima mimi angepima mwingine, tena angepita juu ya mawe na gari."

"Kwa hiyo nikushukuru?"

"Sisemi unishukuru. Nasema hao watu si ndugu zetu. Umeandika mwenyewe."

"Nimeandika. Na Jumanne nakwenda kuifuta."

"Mama, nakuomba." Dennis alishika kichwa. "Haskett kaniita leo. Kanishika bega. Eti, 'Dennis, zungumza na wazee wako.' Mbele ya vijana wangu wote. Miaka ishirini na sita pale kazini, hawajawahi kuniambia 'wazee wako'. Siku zote nilikuwa Dennis. Leo nimekuwa balozi."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema sawa."

"Yule kapera ulikuwa unamwekea kahawa ulipokuwa mdogo. Ukimwita babu."

"Nilikuwa na miaka minne! Hata jina lake siwezi kulisoma. Na unajua kwa nini siwezi." Sauti yake ilipanda, jambo ambalo nyumba ile haikulizoea. "Nilisema neno moja la Kijapani dukani, moja tu, ukanifinya mkono mpaka nikalia. 'Hapa ni Kiingereza.' Mkaninyima, mkanifungia mlango, leo nilie kwa ajili ya mawe nisiyoweza kuyasoma?"

Joyce alisema, "Dennis," lakini Bi Hisayo alimwinulia kiganja.

"Nilikufinya," alisema. "Ni kweli. Nilikuwa naogopa. Tulikuwa tumetoka nyuma ya seng'enge juzi tu, na mwenye duka alikuwa anatutazama. Nilikukosea, na nimelijua hilo kila siku. Lakini sasa nina miaka sabini na nne, mwanangu, sina nguvu tena za kuogopa. Kula, wali unapoa."

Walikula. Matango yalikuwa na chumvi nyingi na hakuna aliyelalamika.

*

Jumapili, baada ya ibada, Bi Hisayo alisimama ukumbini wakati watu wanakunywa chai. Hilo peke yake lilitutia wasiwasi, kwa kuwa hajawahi kusimama ila kutangaza nani kasahau bakuli lake.

Alisoma barua ya kaunti. Watakaosikilizwa ni ndugu wa marehemu tu. Kila mmoja dakika mbili. Atataja jina lake, jina la marehemu, na uhusiano wao. Kisha akasema, "Kosa ni langu, nimeliandika kwa mkono wangu. Lakini siwezi kulifuta mara thelathini na moja mimi peke yangu. Nina Murozono mmoja."

Tulitazama vikombe vyetu. Mzee Tad Nishioka, mwenyekiti wa hekalu, daktari wa meno mstaafu na mtu mwenye roho nzuri kuliko wote mjini, alikohoa.

"Dada Hisayo, tunaelewa uchungu wako. Lakini pengine tukiwaandikia barua ya upole? Tuombe angalau jiwe liwe kubwa kidogo. Tusiwasumbue watu, nao wana kazi zao."

"Tad, wanamfukua Iwashige wako."

"Najua."

"Kila Agosti unampelekea pichi ya kopo."

"Najua, dada. Anaipenda." Macho yake yalianza kulengwalengwa na machozi. "Lakini unatuambia tusimame mbele ya serikali tudanganye? Kaka yangu kambini aliletewa fomu ya kupima utii wake, akajibu anavyoona, akahamishiwa kambi ya wakaidi. Mama yangu alikufa hajamwona tena. Mimi sichezei fomu."

"Kaka yako hakudanganya, Tad. Alisema kweli wakamwadhibu. Mimi nimesema kweli nao wanafukua. Sasa niambie tumepata faida gani kwa unyofu wetu."

 Mtu mmoja aliuliza kama chai imebaki. Nakiri alikuwa ni mimi.

Bi Hisayo alitoa mfukoni rundo la kadi. Kila kadi ilikuwa na jina la kapera, kwa maandishi ya jiwe juu, na chini yake kwa herufi za Kiingereza, silabi kwa silabi, ili asiyejua kusoma aweze kulitamka. Akazipanga mezani kando ya keki. "Jumanne saa tatu asubuhi," alisema. "Mwenye marehemu na aje. Asiyekuja simlaumu, ila sahani ya keki yangu asinirudishie, nitashindwa kumtazama usoni."

Aliondoka. Tulibaki na zile kadi, kila mtu akimngojea mwenzake aguse kwanza.

*

Jumanne Bi Hisayo na Joyce waliingia ukumbi wa baraza saa tatu kasoro dakika tano. Madiwani watano walikuwa wamekaa mbele, Haskett na ramani yake pembeni, karani na saa yake ya mezani, na nyuma viti tisini vitupu. Kwenye ukuta wa mwisho alisimama Dennis, amevaa koti la kazi lenye nembo ya kaunti. Haskett alikuwa amemwagiza aje, kama maswali ya vipimo yakitokea. Alimtazama mama yake, kisha akatazama sakafu.

"Hawajaja," Joyce alinong'ona.

"Basi nitasema yangu."

Mwenyekiti, mwanamke mwenye miwani ya mnyororo, alifungua jambo la makaburi. "Ninavyoelewa hakuna ndugu. Kuna anayetaka kusema?"

Bi Hisayo alisogea kwenye kipaza sauti, ambacho kilikuwa juu ya kichwa chake, na ilibidi karani aje akiteremshe mara mbili.

"Hisayo Kuramoto. Marehemu, Eikichi Murozono. Uhusiano: mtoto wake."

Haskett aliruka. "Samahani! Hii hapa fomu. Huyu bibi huyu ameandika 'hakuna'!"

"Nilikosea," Bi Hisayo alisema. "Nilidhani mnauliza damu."

"Sasa tulikuwa tunauliza nini?"

"Hapo pameandikwa 'uhusiano'. Soma. Huyo mtu ndiye aliyenifundisha kusoma. Bila yeye usingekuwa na hiyo orodha unayoipungia. Nimemwosha na kumlisha miaka arobaini na mitano. Wewe wako wa damu mara ya mwisho uliwafagilia lini?"

 Mwenyekiti alimgeukia mwanasheria wa kaunti, kijana aliyekuwa akichora kwenye daftari. Kijana alisoma kanuni, akasoma tena. "Haifafanui ndugu ni nani," alisema kwa masikitiko. "Mtu akidai, kaburi lake haliguswi mpaka madai yachunguzwe."

"Sawa. Basi ni kaburi moja," mwenyekiti alisema. "Kuna mwingine?"

Hapo Joyce alikumbuka kitu kuhusu watu wetu. Alitembea haraka mpaka mlangoni, akausukuma. Tulikuwa tumejipanga ukutani kwenye ujia, zaidi ya arobaini, tumevaa nguo za mazishi, kila nyumba na kadi yake. Tulikuwa pale tangu saa mbili na nusu. Hakuna aliyetukaribisha, tukaona si adabu kuingia.

"Jamani!" Joyce alisema, akicheka na kulia. "Ingieni basi!"

Mzee Tad ndiye aliyetangulia.  "Tadashi Nishioka. Marehemu, Tomezo Iwashige. Uhusiano..." Alisimama kidogo, tukaogopa. "Mjomba wangu. Anapenda pichi. Andika hivyo, karani, kama kuna nafasi."

Akafuata mama mwenye duka la maua: baba mkwe. Akafuata mwalimu wa watoto: kaka mkubwa wa bibi yake. Wengine walibeba kadi mbili, ya kwao na ya waliohama. Tuliyatamka vibaya yale majina, na Bi Hisayo, aliyesimama kando ya kipaza sauti, alikuwa akitusahihisha mmoja mmoja bila huruma, nasi tukirudia mpaka litoke. Karani aliishiwa fomu, akaenda kupiga nakala, akarudi, zikaisha tena. Nilipofika mimi nilisema wangu ni pacha wa babu yangu. Sijawahi kusema uwongo mtamu namna ile, na mpaka leo sioni ulikuwa uwongo kiasi gani.

Ilipofika saa tano mwenyekiti alivua miwani. "Nimehesabu thelathini. Safu ina makaburi thelathini na moja."

Haskett aliinama juu ya ramani, akapata uhai. "Lile la pembeni, karibu na barabara. Halina jina. Huyo hajadaiwa, na kwa kweli hawezi kudaiwa: marehemu lazima atajwe. Tukimtoa huyo mmoja tunapata kona yote. Inatutosha kuanzia."

 Hatukuwa na kadi ya mtu yule. Bi Hisayo alikuwa amesugua lile jiwe siku mbili nzima bila kupata hata mstari, na sasa alilikumbatia kifuani daftari alimoandikia yale majina. Nilimwona amezeeka ghafla, nikaona hasira zinanipanda.

"Ana jina," mtu alisema kutoka nyuma.

Dennis alikuja polepole katikati ya viti, kwa ule mgongo wake mbovu, akiwa na koti la kaunti. Hakumtazama Haskett. Kipaza sauti kilikuwa kimeteremshwa kwa ajili ya wazee, ikabidi ainame.

"Dennis Kuramoto. Msimamizi wa kikosi cha barabara."

"Dennis," Haskett alisema kwa sauti ya chini. "Fikiria."

"Nimefikiria. Nilipiga vigingi saba pale, kimoja kwenye miguu yake. Nimefikiria tangu siku hiyo."

"Jina la marehemu?" karani aliuliza, kalamu tayari.

"Kuramoto."

Karani alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alimtazama mwanasheria. Mwanasheria alitazama dari.

"Kuramoto nani?"

"La mwanzo mama yangu atampa. La ukoo ni hilo. Ni langu, na leo nimempa."

"Na uhusiano?"

Dennis aligeuka, akamtazama mama yake, kisha akakigeukia tena kile kipaza sauti.

"Ndugu," alisema. "Wa kwetu."

*

Mwezi wa Julai mkuu mpya wa karakana akawa kijana wa Haskett, mwenye miaka sita kazini. Dennis hakupewa sababu, wala hakuuliza. Ila mwezi huo huo aliagizwa kwenda kung'oa vigingi, kwa kuwa barabara imegundulika inaweza kupinda hatua tano upande wa pili, kwenye uwanja wa ghala lililofungwa zamani. Kumbe ilikuwa inaweza siku zote. Alivitupa sita kwenye gari na cha saba akakipeleka nyumbani, akakipiga randa jioni mbili mpaka kikawa cheupe.

Jumapili ya kukaribisha roho joto lilikuwa kali. Tulifagia, tukaosha, vibonge vya wali vikapangwa. Bi Hisayo alimmiminia Murozono kahawa yake, kisha akaenda mpaka kona ya mwisho, ambako Dennis alikuwa amekisimamisha kile kigingi nyuma ya jiwe la mtoni. Alimletea mama yake brashi na wino.

"Niandikie," alisema.

"Wako huyo. Andika mwenyewe."

"Mama, unajua sijui."

Bi Hisayo alitafuta kijiti. Alipiga magoti kwa shida, Joyce akimshika kiwiko, akasawazisha vumbi kwa kiganja, akaandika jina lao humo polepole, mstari baada ya mstari, huku akimwonyesha wapi mkono unaanzia na wapi unakatia. Alifuta, akamwachia kijiti. Dennis aliandika kwenye vumbi mara tatu, nne, akapumua, akachukua brashi. Tulijifanya tunafagia.

Herufi ya pili ilitoka kubwa kuliko ya kwanza na zote mbili zililalia kulia. Dennis alirudi nyuma hatua moja, akalitazama jina lake, ambalo hajawahi kuliandika kwa Kijapani maishani, na masikio yakamwiva.

"Limepinda," alisema.

"Limepinda," mama yake alikubali, akampa ndoo. "Mmwagie maji ndugu yako, jua kali."